Ufa wa Nyumba ya Mawe kwenye Njia ya Opala

Ninyi vijana mnaopima ukuta kwa simu, njooni mkae hapa. Sizikatai simu zenu. Kile kipovu kinachocheza kwenye kioo ni kizuri, nami nimekijaribu, kikaniambia meza yangu ya kulia imepinda. Eh! Meza ile imepinda tangu siku niliyoitengeneza, na haijawahi kumwaga mchuzi wa mtu.

Nimekuwa fundi wa mawe tangu kidevu changu kikiwa laini. Nimejenga Makiso, nimejenga Mangobo, nimejenga hapa Tshopo kwetu, na ng'ambo ya mto kule Lubunga, mitaa yote ya Kisangani. Sasa magoti yamekataa ngazi. Mdomo ndio haujastaafu, mke wangu atawaambia.

Mara nyingi mnaniuliza: Tonton Delphin, ni kazi gani kubwa kuliko zote ulizofanya? Mnangoja nitaje ghorofa. Bon, nitawavunja moyo. Kazi yangu kubwa haionekani. Imefukiwa chini ya udongo, chini ya kona ya nyumba ambayo sikuijenga mimi, na kila nikiikumbuka mwili unanisisimka.

Ukivuka mto kwa pirogi mpaka Lubunga, ukashika njia ya Opala, utapita mashamba ya mihogo, utapita kahawa ya zamani iliyogeuka msitu, pikipiki itakutupa matopeni, utamtukana dereva, mtapatana, halafu utaiona juu ya kilima kidogo. Nyumba ya mawe. Mwenye shamba la kahawa, Mzungu mmoja wa enzi zile, aliagiza ijengwe, na watu wa huko mpaka leo wanaiita nyumba ya Mzungu. Mimi husikia vibaya. Mzungu alinyoosha kidole. Waliobeba mawe kutoka mtoni, wakayachonga, wakayapanga, walikuwa babu zetu, na majina yao hayakuandikwa popote. Serikali iliweka kibao mbele ya barza, ile veranda, kusema kwamba nyumba inalindwa kama urithi wa nchi, jiwe lisiguswe. Kibao hicho mbuzi wanajikunia migongo.

Siku ya kwanza nilipoifikia nilisahau hata kusalimia. Niliizunguka kimya, na mimi si mtu wa kukaa kimya. Ukuta ni mnene, mkono wangu mzima haukuufikia upande wa pili kwenye dirisha. Na haukusimama wima! Chini ni mpana, unakwenda ukipungua kadiri unavyopanda, kama mama aliyekaa vizuri kwenye mkeka akauza ndizi zake bila wasiwasi. Simu zenu zingelia. Chini ya sakafu kuna matundu madogo yaliyopangwa pande zote, upepo unaingia huku unatokea kule, ndiyo maana katika joto letu hili, ukiingia mle ndani unatafuta shati la pili. Juu ya mlango mkubwa hakuna chuma. Hakuna! Kuna mawe matupu yaliyochongwa yakabanana, la katikati limekaza ya pembeni, yamelala sawasawa hewani tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Nilisimama chini yake nikaangalia juu mpaka shingo ikauma. Na ukikwangua kidogo kati ya mawe, utaona vipande vinavyong'aa: ni makombe ya mtoni. Zamani walikuwa wanayachoma wakapata chokaa. Hakuna simenti hata kijiko kimoja.

Nilitia mkono kwenye ukuta ule nikasema kwa sauti, "Papa Lisungi, ungeona hii." Dereva wa pikipiki akadhani nimepata homa.

Papa Lisungi ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mtu wa Isangi, mtoto wa wavuvi, aliyeyachukia maji akayapenda mawe. Hakuwahi kunipiga, lakini ulimi wake ulikuwa pilipili. Ukipanga jiwe vibaya alikuja akalitazama, akakutazama, akauliza, "Mama yako iko muzima?" Unajibu ndiyo, Papa. "Basi uende umuulize kama alizala mutu ao alizala nyundo." Alinifundisha kugonga jiwe na kulisikiliza: likilia kama kengele ni zima, likikohoa lina ugonjwa ndani, usilibebeshe mzigo. Alinifundisha kwamba kila baada ya mawe kadhaa lazima uweke jiwe refu linalopita ukuta mzima kutoka nje mpaka ndani, ili pande mbili zisije zikaachana kama mume na mke wasiozungumza.

Na alinifundisha habari ya nyufa. Ninyi mmezoea methali, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni ya kweli kwa tabia za watu. Kwa nyumba, pole pole! Papa Lisungi alikuwa akisema, "Ufa ni mudomo. Usiufunge mbele haijasema," yaani kabla haujasema. Mafundi wengi wa siku hizi wakiona ufa wanakimbilia simenti, wanapaka, wanapiga rangi, wanachukua hela, wanahama mtaa. Wewe unabaki hujui: ule ukuta ulipasuka zamani ukatulia, au unaendelea kwenda?

Ili kujua, unaweka shahidi. Ni kibandiko chembamba cha plasta, urefu wa kidole, unakibandika juu ya ufa, nusu upande huu nusu upande ule. Plasta haivutiki. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, shahidi anapasuka katikati. Asipopasuka, lala usingizi. Wakati wa vita plasta ilipotea Kisangani nzima, na Papa Lisungi akatengeneza mashahidi kwa pemba, ule udongo mweupe wa sokoni, akiuchanganya na uji mwembamba wa unga wa muhogo ili usipasuke wenyewe ukikauka. Walikuwa mashahidi wazuri sana. Shikeni hilo neno pemba, litatutesa sasa hivi.

Alors, kilichonipeleka njia ya Opala. Nyumba ile ilikuwa materinite. Padri mmoja aliiomba serikali iwape akina mama, ikakubali, na kwa miaka mingi wanawake wa vijiji vyote vya pale walikuwa wanajifungulia ndani ya kuta zile. Aliyeishika alikuwa Mama Georgine, mkunga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita pirogi kutoka ukingo wa pili. Chumba cha kujifungulia kilikuwa cha kona, upande wa mashariki, kwa kuwa ndicho chenye hewa nzuri.

Sasa, vijana fulani walikuwa wamerudi kutoka kuchimba almasi, mikono mitupu. Mnawajua watu wa almasi wakikosa: wanaanza kuona almasi kila mahali. Wakasikia yale maneno ya siku zote, kwamba Wazungu walipokimbia walizika mali chini ya nyumba. Jiwe la chini kabisa la ile kona lina alama ya msalaba. Fundi wa zamani aliiweka ili ajue kona yake ianzie wapi. Wao wakasema, ahaa, ndiyo hapa! Jumapili moja, watu wote wako misa, wakachimba chini ya kona. Walichimba kama panya-buku. Mama Georgine aliporudi akakuta makalio matatu yanachungulia kutoka shimoni. Akachukua beseni la maji aliyoloweka pondu, majani ya muhogo, akawamwagia, na wakakimbia kijani kibichi mpaka msituni. Mali waliyoipata ilikuwa vyura.

Lakini shimo lilibaki. Na kesho yake ufa ukaonekana, unatoka kwenye pembe ya dirisha unapanda kama ngazi kuelekea juu.

Nikaitwa, nikafika na mwenzangu Zéphyrin, fundi mzuri, mwoga wa nyoka tu. Alikuja pia mtu wa serikali anayesimamia majengo ya urithi, Monsieur Kasereka, kijana wa familia ya wafanyabiashara kutoka Butembo, aliyezaliwa hapa hapa Kisangani. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa mpaka Lubunga. Baada ya hapo, wee! Lakini hakulalamika, na hilo nililipenda.

Tuliingiza vichwa shimoni, tukatazama. Zéphyrin akafanya ishara ya msalaba. Kona nzima ya nyumba, mawe yote yale mpaka kwenye paa, ilikuwa imekaa juu ya hewa. Mtu angeweza kulala pale chini akajinyoosha. Na haikuanguka.

"Inakamatwa na nini?" Monsieur Kasereka akauliza, kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

Nikamwonyesha. Mawe ya kona ni marefu. Moja limelala likaingia ukuta huu, la juu yake limelala likaingia ukuta ule, hivyo hivyo mpaka juu, kama watu waliobanana kwenye pirogi: ubao ukivunjika chini ya mmoja, wenzake wa huku na huku wamemkaba viwiko, haendi majini. Yale mawe yalikuwa yanaubeba mzigo wa kona na kuurudisha nyuma kwenye kuta mbili. Wale babu walijenga kwa ajili ya siku ambayo hawakuijua. Macho yalinijaa machozi, sioni haya kuwaambia.

"Itakamatwa mpaka siku gani?" akauliza tena.

"Hiyo ndiyo sijue," nikasema. "Tuulize ufa."

Basi tukakubaliana. Tungeegemeza kuta kwa miti migumu kutoka nje, halafu tuweke mashahidi. Mashahidi wakikaa wazima, ukuta umetulia, tutapewa ruhusa tujaze shimo kwa mawe, kipande kwa kipande. Wakivunjika, Monsieur Kasereka angefunga nyumba siku hiyo hiyo, wanawake watolewe, na kona ibomolewe kabla haijaua mtu, mpaka hela ya kuijenga upya itakapopatikana. Tukatazamana wote. Hela ya kujenga upya! Hata mbuzi wa pale kwenye kibao walijua haitakuja.

Mama Georgine alikuwa anasikiliza, mikono kiunoni.

"Na wamama wataenda wapi?"

"Mama, kuna hospitali upande wa muji," Monsieur Kasereka akasema.

"Na kinga? Siku muzima ndani ya potopoto?" Kinga ni baiskeli, potopoto ni matope. "Uyo unamuona?" Akaonyesha mwanamke kijana aliyekaa barzani, tumbo limemfika magotini, anaitwa Mado. "Ya kwanza alizalia kwa njia, na kinga, pasipo mutu. Mutoto akakufa. Uyu wa pili nilimuapia atazalia kwa kitanda. Miye sitoke ndani ya hii nyumba, na yeye hatoke."

Monsieur Kasereka akainamisha kichwa. "Mama, ukuta ikiwaangukia, nitasema nini?"

Mimi nilimwelewa mama na nilimwelewa yule kijana pia, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu.

Plasta niliyokuja nayo ilikuwa imenyeshewa njiani, gunia zima limekuwa jiwe. Nikacheka. Nikatuma mtu alete pemba, nikapika uji wa muhogo, nikatengeneza mashahidi wa Papa Lisungi, weupe, wanene kidogo, nikawabandika kwenye ufa ndani ya kile chumba, kuanzia chini mpaka mkono ulipofika. Wakakauka vizuri. Nikaenda kula makemba, zile ndizi za kupika, na samaki nikiwa na amani.

Asubuhi nikaingia. Shahidi wa chini hayuko.

Si kwamba amepasuka. Hayuko. Nikasema labda nilimbandika vibaya, palikuwa na vumbi. Nikaweka mwingine. Kesho yake yeye na wa juu yake hawapo, na wa tatu amebaki kipande. Zéphyrin akasema, "Vieux, ukuta unawatupa. Unatikisika mpaka unawatupa." Tukaongeza miti ya kuegemeza nje, tukagonga kabari mpaka mikono ikaota malengelenge. Tukaweka mashahidi wapya. Asubuhi, hewa! Yule wa juu kabisa, karibu na dari, alikuwa mzima kabisa. Mimi, fundi wa miaka yote hiyo, nikatoa maelezo marefu kwa nini ukuta unatikisika chini na juu umetulia. Maelezo mazuri sana. Zéphyrin aliyaamini. Hata mimi niliyaamini.

Nikaenda kwa Monsieur Kasereka, maneno yakiwa mazito mdomoni. "Mashahidi hawakai," nikamwambia. "Ukuta unakwenda."

Halafu akaenda kumwambia Mama Georgine kwamba mchana wanawake watoke. Mama hakupiga kelele, na hilo lilituogopesha kuliko kelele. Aliingia tu ndani, akakaa kwenye kitanda cha kujifungulia karibu na Mado, akamshika mkono.

"Tonton," Mado akaniuliza mimi, si yule wa serikali. "Ile njia, nitaipita tena?"

Nilitoka nje. Sikuweza kumtazama.

Monsieur Kasereka akanifuata, akaomba nimwonyeshe mashahidi kwa mara ya mwisho ili ajue atakalolisema mjini. Tukarudi mle chumbani. Akapiga magoti, akasogeza uso karibu na ukuta.

"Tonton, ulinifundisha kwamba shahidi akivunjika anabaki amekamata pande zote mbili. Ufa tu unaonekana katikati. Si vile?"

"Vile."

"Wako wamekwenda wapi?"

"Wameanguka. Watu wamefagia."

"Nani amefagia?" akauliza kwa sauti. Wanawake waliojazana mlangoni wakaanza kutazama dari. Akabaki anatazama kile kipande kilichosalia, akakipitisha kidole, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia.

"Tonton, hii si ufa. Hii ni meno!"

Nikainama. Mama yangu! Meno, safu mbili, safi kabisa, kwenye shahidi wangu.

Akageuka. "Bibi yangu alipokuwa na tumbo ya mutoto wetu wa kwanza, alikula mabele mpaka alianza kulamba chungu. Mama Georgine, ni nani hapa anapenda mabele?"

Mnajua wanawake wetu wakiwa na mimba. Ule udongo wa sokoni, wengine wanauita mabele, wengine pemba, wanaula kama biskuti. Na mimi nilikuwa nimewabandikia ukutani, umetiwa unga wa muhogo, umeokwa na hewa safi! Mado akafunika uso kwa kitenge. Wale wengine waliokuwa mlangoni wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja.

"Tonton, unisamehe," Mado akasema ndani ya kitenge. "Ilikuwa inanukia mvua."

"Uliwala wote wewe?"

"Hapana! Tulikuwa wengi." Halafu, polepole: "Ya soko iko na muchanga. Ya kwako iko muzuri."

Mbavu hatukuwa nazo. Mama Georgine alicheka mpaka akakalia sakafu, Zéphyrin alicheka akilia, na yule mtu wa serikali aliegemea ukuta, ukuta ule ule aliokuwa anataka kuukimbia. Shahidi wa juu kabisa alipona kwa sababu hakuna mwenye tumbo kubwa anayepanda ngazi.

Nikatengeneza wengine, na hawa niliwapaka maji ya kongobololo, ile dawa chungu ya malaria. Nikatengeneza na sahani nzima ya pemba tamu, nikaiweka barzani kwa heshima zote. Basi ukawa mpango: sahani inaisha, mashahidi wanabaki. Siku zikapita. Nikawa naamka naenda moja kwa moja kuwatazama na tochi, nafuata ule ufa kwa kucha. Wazima. Wazima. Ule ukuta haukuwa umesogea hata unywele tangu siku ya kwanza. Ulikuwa umesimama juu ya shimo, umetulia, unatutazama tunavyohangaika.

Hapo tukaanza kazi ya kweli. Sikilizeni, hii si ya kucheka. Usijaze shimo lote kwa pupa. Unaanza mbali na kona, chini ya ukuta mmoja, unasafisha udongo mlegevu mpaka ugongane na ardhi ngumu, unapanga mawe mapana na chokaa, unapanda mpaka ubaki upenyo wa kidole. Upenyo huo ndio unaua watu. Chokaa ikikauka inanywea, ukuta wa juu unabaki unaning'inia bila wewe kujua. Kwa hiyo unachukua vipande vyembamba vya jiwe gumu unavigonga ndani, kwa nyundo ndogo, mpaka sauti ibadilike. Ikibadilika, ukuta umepokea. Unaacha ikomae, unahamia ukuta wa pili. Kona yenyewe ni ya mwisho.

Kona niliifanya mimi. Nililala chali mle shimoni, pua yangu imekaribia kugusa yale mawe. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hakuna mtu alipaswa kukiona: tumbo la jiwe la kwanza. Upande wa chini, unaokwenda ardhini milele, babu yule alikuwa ameulainisha. Alichonga pale ambapo hata yeye hatapaona tena, mistari midogo midogo, sawa, bila haraka. Nilikaa pale nimeshika nyundo sipigi. Nilisema, Bwana, mimi nimejenga nyumba ngapi, na ni wapi nilifanya vizuri mahali ambapo mwenye nyumba hataangalia?

Nikiwa mle ndani nikasikia Mado. Sauti ilishuka kupitia mawe, si kwa masikio tu, niliisikia mgongoni. Ililia muda mrefu. Halafu ikaja sauti nyingine, ndogo, ya hasira. Zéphyrin akapiga yowe la furaha juu huko. Mimi nililia mle shimoni na matope yakaniingia mdomoni. Halafu nikagonga vipande vya mwisho chini ya kona mpaka sauti ikabadilika.

Lakini Mado alitoka damu nyingi. Mama Georgine aliizuia, akasema asisogezwe, hata kitanda kisisogezwe. Na asubuhi iliyofuata mawingu yakaja kutoka upande wa Lomami, meusi, mvua ile inayogeuza kilima kuwa uji. Miguu ya miti yetu ilikuwa imesimama kwenye udongo mtupu. Mvua ikiikuta pale, mmoja utateleza, wa pili utasukuma kwa nguvu kuliko wenzake, na ukuta uliokataa kuangukia shimo utaangushwa na msaada wetu. Lazima miti itoke kabla ya mvua. Na mwanamke yuko ndani.

Monsieur Kasereka alinitazama. "Tonton, unaamini?"

"Ninawaamini wale waliojenga."

"Sikuulize wale. Ninakuuliza kazi yako."

Ninyi vijana, siku moja mtu atawauliza hivyo. Hakuna simu itakayowajibia. Nikasema, "Ninaamini."

Akavua koti lake, akaingia mle chumbani, akaenda kukaa sakafuni chini ya ufa.

Zéphyrin alishika nyundo upande mmoja, mimi upande wa pili. Tukaanza kutoa kabari, kidogo huku, kidogo kule, tunasikiliza. Mti wa kwanza ukalegea, tukaulaza. Wa pili. Matone makubwa yakaanza kuanguka migongoni. Wa mwisho ulikuwa wa kona, na kabari yake ilikuwa imekaza vibaya, nikalazimika kuipiga kwa nguvu. Ikaruka. Mti ukadondoka matopeni, na mimi nikabaki nimeweka viganja viwili kwenye jiwe, eti ningeizuia nyumba kwa mikono!

Kimya. Mvua tu.

Kisha nikasikia komeo. Dirisha la kona, ambalo nilikuwa nimekataza mtu asiliguse. Nikafungua mdomo nipige kelele, maana ukuta ukishuka hata unene wa kucha, fremu inabana na dirisha halifunguki tena, hata ulivute na ng'ombe. Nilitaka kumwambia aliyeshika komeo aliache, nisije nikajua.

Likafunguka lote, laini, bila kukwaruza. Mama Georgine akatoa kichwa mvuani, akatukazia macho, mimi na Zéphyrin na nyundo zetu.

"Mumemaliza kugonga?" akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo. "Mutoto iko nalala."